MELI HAINA MAGURUDUMU: MWENDO WAKE HUPIMWAJE?

(Maneno haya yalisemwa Migwani mbele ya wanachama waliokuwa likizoni, pamoja na wazee na vijana wa hapo. Yamepigwa chapa ili wenzetu waliobaki kazini wayasome.)



Jana jioni, tulipokuwa tumekaa tukingoja chai, mzee mmoja wa hapa alituuliza swali. Alisema: "Wanangu, gari lina magurudumu, na magurudumu hugusa barabara. Dereva wa basi la Mwingi akitazama saa iliyo mbele yake aona mwendo, kwa kuwa gurudumu linahesabiwa likizunguka. Lakini meli haina gurudumu wala barabara. Maji hayana alama. Basi nahodha ajuaje kwamba anakwenda mbio au polepole?"

Baadhi ya vijana walicheka. Sisi hatukucheka, maana swali hilo hilo lilipata kutushinda mbele ya mwajiri, na mwenzetu mmoja karibu apoteze haki yake kwa sababu hatukuwa na jibu. Habari hiyo tutaieleza. Lakini kwanza tujibu swali la mzee, kwa utaratibu.

JINSI YA ZAMANI

Mabaharia wa Ulaya walitumia ubao na kamba. Habari za ubao huo ziliandikwa katika kitabu cha Mwingereza William Bourne cha mwaka 1574. Ubao mdogo ulitiwa risasi upande mmoja ili usimame majini, ukafungwa kamba ndefu, ukatupwa nyuma ya meli. Ubao ulibaki pale ulipo, meli ikaenda zake, na kamba ikafunguka mikononi mwa baharia. Kamba ilikuwa na mafundo yaliyopangwa sawasawa. Mwingine alishika chupa ya mchanga. Mchanga ulipokwisha kushuka, kamba ilizuiwa, mafundo yakahesabiwa.

Hesabu yake ni rahisi. Maili moja ya baharini ni mita 1,852. Mchanga ulichukua sekunde 28. Meli iendayo maili moja kwa saa, katika sekunde 28 hupita kama mita 14 na nusu kasoro kidogo. Basi mafundo yaliwekwa kwa umbali huo. Yakipita mafundo 8, meli inakwenda maili 8 za baharini kwa saa. Ndiyo maana hata leo baharia asema "noti", yaani fundo, ijapokuwa kamba yenyewe haipo tena. Waswahili wa pwani waliita kazi hiyo kutia batli, na daftari la safari nalo likaitwa batli.

Baadaye, katika karne ya 19, likaja panka dogo la kuvutwa nyuma ya meli kwa kamba; kila lizungukapo, saa iliyo kwenye tezi ilihesabu maili. Vyombo vyote hivyo vilikuwa na shida. Kamba hunasa, panka huliwa na samaki mkubwa au hushika magugu, na baharia husimama tezi katika mvua na mawimbi. Watu wakatafuta njia ya kupima bila kutupa kitu majini.

SAUTI ISIYOSIKIKA

Jioni hapa Migwani mwawaona popo wadogo wakitoka katika mapaa ya nyumba. Giza limeingia, lakini hawagongi ukuta, na wadudu wanawakamata. Popo hulia kwa sauti kali mno, kali kupita sikio la mtu. Sauti hiyo hugonga mdudu ikarudi, naye popo huisikiliza. Sikio letu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, tena kwa mtoto. Sisi wazee hatufiki hapo. Sauti iliyo juu ya kiwango hicho huitwa altrasoniki.

Binadamu alichelewa kuyapata maarifa ya popo. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, walivumbua kwamba baadhi ya mawe ya kioo yakibanwa hutoa umeme. Tena ikaonekana kwamba yakitiwa umeme hutetemeka. Katika vita vya kwanza vya dunia Mfaransa Paul Langevin akalitumia jambo hilo kupeleka sauti kali chini ya maji ili kutafuta nyambizi. Kipande kile kile hupiga sauti na kusikiliza. Ni mdomo na sikio pamoja. Na majini sauti huenda mbio kupita hewani: hewani kama mita 340 kwa sekunde, katika bahari kama mita 1,500.

NJIA MBILI ZA KUPIMA

Njia ya kwanza ni ya kwenda na kurudi. Hapa hatuna haja ya kwenda Mombasa; twende mto Tyaa siku mvua imenyesha na maji yanapita juu ya mchanga. Watu wawili wenye nguvu sawa waingie majini. Mmoja aende kufuata maji, mwingine akabiliane nayo, umbali ule ule. Afuataye maji atafika kwanza. Ukijua kila mmoja ametumia dakika ngapi, utajua maji yanakwenda mbio kiasi gani, hata bila kuyagusa wewe mwenyewe.

Chini ya meli huwekwa masikio mawili, moja upande wa omo, jingine upande wa tezi, labda yameachana kwa upana wa kiganja au kidogo zaidi. La mbele hupigia la nyuma, la nyuma hupigia la mbele. Meli ikisimama majini, sauti zote mbili hutumia muda mmoja. Meli ikienda, maji hupita chini yake kuelekea nyuma, na sauti iendayo nyuma huwahi. Tofauti ni ndogo ajabu. Masikio yakiachana sentimita 15, na meli ikienda karibu noti 10, tofauti haifiki hata sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara milioni. Mtu hawezi kuihesabu, lakini mtambo waweza.

Njia ya pili ni ya mlio. Kaa kando ya barabara ya Kabati, usikilize gari likija huku linapiga honi. Likikaribia, honi yalia nyembamba. Likikupita, sauti yashuka, yawa nzito. Dereva hakubadili honi. Ni mwendo wa gari uliobana mitetemo mbele yake na kuiachanisha nyuma yake. Mwalimu Christian Doppler alieleza jambo hilo mwaka 1842 huko Prague, na mtambo umepewa jina lake.

Meli hutupa sauti kwa mshazari, kuelekea chini na mbele. Sauti hugonga vumbi na vidudu vidogo vinavyoelea majini, au hugonga sakafu ya bahari, ikarudi. Kwa kuwa meli inaifuata, sauti hurudi nyembamba zaidi. Tuseme mtambo hupiga mitetemo 150,000 kwa sekunde, kwa mshazari wa digrii 60 kutoka usawa wa maji, na meli yaenda noti 10. Sauti itarudi na nyongeza ya mitetemo kama 500. Mtambo husoma nyongeza hiyo na kuigeuza kuwa noti. Mara nyingi sauti nyingine hutupwa kuelekea nyuma pia, ili meli ikiyumba kwa mawimbi, kosa la mbele lifutwe na kosa la nyuma.

MAJI AU ARDHI?

Sasa, ndugu, tegeni masikio, maana hapa ndipo penye haki ya mfanya kazi.

Kuna mwendo wa namna mbili. Mmoja ni mwendo wa meli katika maji. Wa pili ni mwendo wa meli juu ya ardhi, yaani juu ya sakafu ya bahari. Maji yakitulia, miendo hiyo ni mmoja. Lakini bahari haitulii. Mtu aliyelala ndani ya mtumbwi unaochukuliwa na mafuriko, katika maji amesimama. Lakini juu ya ardhi anakwenda, na miti ya ukingoni inampita.

Mtambo wa masikio mawili hupima maji tu. Mtambo wa Doppler waweza kupima yote mawili: ukisikiliza sakafu, wapima ardhi, na kina kikizidi, sauti isipofika chini, hugeukia kupima maji yaliyo chini ya meli. Mitambo mingi ya kawaida hupoteza sakafu penye kina cha mita kama 200. Pwani yetu huzama upesi nje ya miamba, kwa hiyo meli ikiacha Mombasa haikawii kupoteza sakafu. Nayo GPS hupima ardhi tu, haijui maji.

Kando ya pwani ya Tanzania na kusini mwa Kenya kuna mkondo wa bahari uendao kaskazini mwaka wote, nao huzidi nguvu wakati wa kusi. Tuseme mkondo ni noti 2, na meli yaenda noti 12 katika maji. Ikija kaskazini, juu ya ardhi yaenda 14. Safari ya maili 120 itakwisha kwa saa 8 na nusu hivi. Ikirudi kusini kwa mashini ile ile, kwa mafuta yale yale kila saa, juu ya ardhi yaenda 10, na safari itachukua saa 12. Mwenye meli anayetazama GPS peke yake aweza kusema watu wa mashini walilala njiani. Lakini kipimo cha majini kitasema: noti 12 kwenda, noti 12 kurudi. Watu walifanya kazi yao. Bahari ndiyo iliyopinga.

Kwa sababu kama hizo sheria ya mataifa haikuliacha jambo hili. Mapatano ya usalama wa watu baharini ya mwaka 1974, yaitwayo SOLAS, katika sura ya 5, yanataka meli ya tani 300 na zaidi, na meli ya abiria ya ukubwa wowote, iwe na chombo cha kupima mwendo na umbali katika maji. Meli ya tani 50,000 na zaidi yatakiwa iwe pia na kipimo cha mwendo juu ya ardhi, mbele na ubavuni, maana meli kubwa hivyo ikigusa gati kwa ubavu haina mzaha. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kugonga huzidi mara nne.

HABARI YA KAMBA ILIYOKATIKA

Tulisema tutaieleza. Jina la meli hatulitaji, wala la kampuni, maana shauri lilikwisha.

Meli ilikuwa inafungwa gatini maji yakipwa, wakati wa bamvua. Kamba ya kwanza ilikwisha tiwa kwenye nguzo. Meli ikasogea mbele, kamba ikakaza, ikakatika, ikarudi kama fimbo na kumpiga mwenzetu mmoja mguuni. Mguu ukavunjika. Siku ya pili ikaja barua: wafunga kamba walikuwa wazembe, waliichelewesha kamba na kuitia vibaya, meli ilikuwa imesimama, ushahidi ni kipimo cha mwendo, kilionyesha sifuri.

Tukaenda ofisini. Ndugu, siku ile tulishindwa. Sisi sote tuliiona meli ikisogea kwa macho yetu, lakini karatasi ilisema sifuri, na mbele ya karatasi ya mtambo maneno ya macho yetu yalionekana ya uongo. Tulirudi tumeinama. Mwenzetu yuko kitandani, na mkewe atuuliza tumepata nini.

Usiku ule tulimwendea baharia mmoja mzee aliyestaafu, tukamweleza. Alituuliza neno moja tu: "Sifuri ya maji, au sifuri ya ardhi?" Hatukuelewa. Akatueleza mpaka saa sita usiku, kwa kalamu na karatasi, yale tuliyowaeleza ninyi leo.

Tukarudi na swali hilo moja. Ikaonekana kwamba mtambo wa meli ile ulikuwa wa kupima maji. Maji yalikuwa yanapwa na kuichukua meli pamoja nayo. Ikiwa maji yaenda noti moja kasoro kidogo, meli iliyo "sifuri" katika maji hupita gati kwa mita 25 hivi kila dakika. Kamba gani itastahimili uzito wote huo? Mtambo haukusema uongo. Aliyeusoma ndiye aliyekosea. Barua ya kulaumu ikaondolewa, na mwenzetu akashughulikiwa kama mtu aliyeumia kazini.

Twamshukuru mzee yule. Lakini twajiuliza: kama asingekuwako? Haki ya mtu isitegemee bahati ya kumkuta mzee nyumbani.

YAFAAYO KUSHIKWA

Kwa hiyo twaomba kila mwanachama wa gatini na wa melini ashike mambo haya.

Kwanza, ukionyeshwa tarakimu ya mwendo, uliza: ya maji au ya ardhi? Saa ngapi? Maji yalikuwa yanajaa au yanapwa? Bila majibu hayo, tarakimu haina maana.

Pili, jua kwamba mtambo nao huugua. Vipovu vya hewa chini ya meli huzuia sauti. Kome na mwani wakiota juu ya masikio, mtambo hudanganya. Hata joto la maji hubadili hesabu: katika bahari ya joto kama yetu sauti hufika kama mita 1,540 kwa sekunde, na mtambo wa Doppler uliowekwa kwa 1,500 utaonyesha mwendo pungufu, kama sehemu 3 katika mia. Mitambo mizuri ina kipima joto cha kusahihisha jambo hilo. Uliza ilisafishwa lini, tena ilisahihishwa lini. Kusahihisha hufanywa kwa kupita njia iliyopimwa, kwenda na kurudi, ili mkondo usaidiao kwenda ufutwe na mkondo upingao kurudi. Meli ikienda noti 12 na kurudi 8, mwendo wake katika maji ni 10.

Tatu, meli kubwa zina kinasa habari, ambacho huweka mwendo, mahali, saa, na maneno yasemwayo darajani. Lakini hakiweki milele. Vile vya zamani vilitakiwa kuhifadhi saa 12 tu, kisha hujiandika upya. Vilivyowekwa tangu Julai 2014 vyatakiwa kuhifadhi saa 48 kwa uchache, na sehemu ya ndani ya meli siku 30. Basi ajali ikitokea, mjumbe asingoje mkutano wa Jumamosi. Aandike siku ile ile kuomba habari hizo zihifadhiwe. Ukichelewa, ushahidi umekwisha futika, na meli imekwisha ng'oa nanga.

Nne, mwenye kuumia, au mwenzake, ampe mwajiri habari mara moja, na nakala ije chamani. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 ipo kwa ajili yenu, lakini haimfuati mtu aliyenyamaza.

KWA VIJANA WA MIGWANI

Ninyi vijana mlisimama nyuma mkisikiliza, na tumewaona. Mtu wa bara aweza kuwa baharia, fundi wa mitambo, hata rubani wa bandari. Hayo masikio ya altrasoniki yatengenezwa na watu waliosoma hesabu na fizikia, si na watu waliozaliwa ufukoni. Pale Mombasa kuna Bandari Maritime Academy, chuo cha serikali kilichopewa hadhi hiyo mwaka 2018, nayo Mamlaka ya Bahari ya Kenya ndiyo isimamiayo vyeti vya mabaharia. Ulizeni huko.

Lakini jihadharini. Akija mtu hapa sokoni, amevaa tai, asema ana nafasi ya kazi melini na yataka pesa kwanza ili kuipata, mwacheni aende zake. Mapatano ya Kazi za Mabaharia ya mwaka 2006, ambayo Kenya iliyaridhia mwaka 2014, yakataza kumtoza baharia malipo ya kumtafutia kazi. Atakayolipa mwenyewe ni gharama za pasipoti, kitabu cha ubaharia na cheti cha daktari, basi. Mbuzi wa baba asiuzwe kwa ajili ya tapeli.

Ndugu wafanya kazi, wazee wetu waliogoma Mombasa Januari 1947 walidai mshahara wa kumtosha mtu na watoto wake. Dai hilo halijazeeka. Lakini siku hizi mitambo imekuwa shahidi katika kila shauri, na shahidi huyo hujibu kwa kadiri ya aulizwavyo. Chama kisichojua kuuliza kitashindwa hata kama haki ni yake. Kwa hiyo tumeazimia kuwa na darasa dogo kila mwezi, la saa moja, ambamo mwanachama mmoja ataeleza mtambo mmoja anaoufanyia kazi. Kreni, tagi, mizani, chochote. Mwenye kuujua aseme, asiyejua aulize, na asiwepo wa kucheka.

Na wewe mzee wetu uliyeuliza jana, jibu lako ni hili: meli haina gurudumu, lakini ina masikio. Twakushukuru kwa swali. Umetufanya tuseme jambo ambalo tulipaswa kulisema siku nyingi.

Tulio na safari ya usiku tuagane, wengine tutaonana gatini.